Nani kasema lazima ulale? Kampala kutoka juu ya paa la hoteli kubwa

Karani wa Malaba (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mwezi kuna ndugu anashuka Kampala kutoka mpakani, ana jioni moja tu, ananipigia simu: "Bwana, nikauone wapi huu mji?" Wengine washaambiwa waende kwenye maduka makubwa yenye ngazi za umeme. Sasa mtu atoke Malaba au Mutukula aje kuangalia ngazi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Nenda hoteli yoyote kubwa ya kilima cha Nakasero, katikati ya mji, yenye baa au mgahawa juu ya paa. Fika saa kumi na moja jioni. Omba meza ya upande wa magharibi. Agiza kitu kimoja, kaa mpaka giza liingie. Chumba achana nacho, chumba ni cha anayelipiwa na kampuni. Wewe umekuja kununua dirisha, na dirisha la Kampala linauzwa kwa bei ya kikombe cha chai.

Kuingia. Boda itakushusha getini, hairuhusiwi kupanda mpaka mlangoni, usigombane na askari kwa hilo. Utapita kwenye mashine, mkoba utafunguliwa, gari linakaguliwa kwa kioo hadi chini ya tumbo. Hoteli na kumbi za mjini zilibana ulinzi hasa baada ya mabomu ya Julai 11, 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, watu zaidi ya 70 walipokufa. Kwa hiyo askari akikwambia vua mkanda, vua, hajakudharau. Ukishapita hapo simama wima, salimia, sema "naenda juu kunywa chai." Hakuna atakayekuuliza namba ya chumba. Kuna lifti nyingine zinataka kadi ya mgeni, basi mwambie kijana wa mapokezi akubonyezee.

Ukifika juu, mhudumu atakuelekeza upande wa Kololo, kwenye makochi na mito, maana ndiko wageni wanakopenda kupigia picha. Kataa kwa adabu. Kololo ni kuzuri, minara ya redio, mabalozi, uwanja ulipopandishwa bendera Oktoba 9, 1962, lakini jioni jua liko mgongoni kwako na unachoona zaidi ni bustani za matajiri. Mji wenye umri uko upande wa pili.

Ukiketi ukatazama magharibi, cha kwanza mbele yako ni kilima cha Old Kampala, na juu yake Msikiti wa Taifa, makuba yake ya rangi ya shaba na mnara mrefu peke yake. Nyuma yake kidogo, karibu kwenye mstari uleule, kuba la Namirembe, Waanglikana. Geuza shingo kushoto, minara miwili ya matofali, hiyo ni Rubaga ya Wakatoliki. Kushoto zaidi na chini kidogo ndiyo Mengo, kwenye Lubiri, yaani ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Vilima vinne, unavifunika vyote kwa viganja viwili ukinyoosha mikono.

Hapo ndipo bei ya ulichoagiza inapoanza kuwa rahisi. Desemba 1890 Lugard, kapteni wa Kiingereza, alifika na kampuni ya Waingereza, akapiga kambi Old Kampala, akajenga ngome. Tazama alivyochagua mahali: mbele yake Kabaka Mwanga yuko Mengo, pembeni misheni mbili zinazochukiana, moja Namirembe, moja Rubaga. Watu wa misheni walikuwa wameshagawanyika, Wakatoliki wanaitwa Wafaransa, Waprotestanti Waingereza, ingawa wote ni Waganda na huenda wamezaliwa nyumba moja. Januari 24, 1892 wakapigana hapo hapo unapopaona, Lugard akawapa bunduki upande wa Waprotestanti na bunduki yake ya rashasha, Maxim, ikanguruma kutoka kilimani. Wakatoliki wakashindwa, Mwanga akakimbilia visiwani. Ukisoma jambo hili kitabuni unadhani ni vita ya nchi na nchi. Ukilitazama kutoka juu unaona ni majirani, wangeweza kuitana kwa sauti.

Jua nalo lina siri ambayo sijaona imeandikwa mahali. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache mwaka mzima, lakini linahama mahali. Ukikaa katikati ya Nakasero, mwezi wa tatu na wa tisa linashukia nyuma ya Old Kampala na Namirembe. Desemba linasogea kushoto mpaka usawa wa Rubaga, ile minara miwili inakuwa myeusi na anga lote nyuma ni chungwa. Juni linakwenda kulia, upande wa Makerere na Kasubi. Chagua mwezi wako.

Na msisahau kaloli. Yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye ukiwa barabarani unamwona juu ya nguzo ya taa unavuka upande wa pili usije ukaharibiwa shati. Ukiwa ghorofa ya mwisho anapita usawa wa macho yako, hapigi bawa, anaelea tu, unaona hata vumbi la jalalani kwenye manyoya ya kifua. Mara ya mwisho mmoja alitua ukingoni, akakunja ile miguu yake mirefu myeupe, akaangalia sambusa ya Mzungu mmoja kwa subira kubwa sana. Mzungu alihama meza.

Bei: soda shilingi 12,000, chai ya tangawizi 15,000, sambusa tatu 30,000. Hiyo ni hoteli niliyoingia mimi, ya kwenu inaweza kuwa juu au chini. Karibuni tuchangie.

Kijana Kisenyi

Soda elfu kumi na mbili! Banange. Mimi kwa hiyo hela nakula rolekisi (chapati ya mayai) siku nne na chenji inabaki.

Utingo

Nimesoma yote. Mkuu unaandika kama hakimu.

Kijana Kisenyi

Kwa heshima zote mleta uzi, unawapoteza watu. Kama shida ni kuona vilima, kapande mnara wa msikiti wenyewe, Old Kampala. Kiingilio kipo lakini unapata mtu wa kukutembeza ndani na nje, halafu unapanda ngazi mpaka juu, na huko juu kuna madirisha pande zote. Hakuna mtu wa kukuuzia sambusa kwa bei ya kuku. Na uko katikati ya hivyo vilima vyako vinne, si kwamba unavichungulia kutoka kwa jirani.

Nyabo wa Ntinda

Kijana yuko sahihi lakini hajasema ngazi ni zaidi ya mia tatu, za kuzunguka. Nilipanda na dada yangu, katikati alikaa chini akasema mwacheni aolewe hapo hapo. Juu ni pazuri sana, hilo sibishi. Barabara zote za mjini unaona zinavyokimbia kuja kilimani. Takisi za Old Taxi Park zile nyeupe zimebanana mpaka huoni lami.

Kina dada, getini wanakupa kitambaa cha kujifunga kiunoni na mtandio wa kichwa ikiwa umevaa suruali au umeacha nywele wazi. Hawakugombezi, wanakufunga wenyewe kwa upole. Na msiende saa ya swala ya Ijumaa.

Ndani msikitini pia msipite haraka. Ule msikiti jiwe lake la msingi liliwekwa enzi za Amin mwaka 1972, ukasimama miaka na miaka ukiwa haujaisha, mpaka Gaddafi akatoa pesa, ukafunguliwa 2008. Wazee wengi bado wanauita wa Gaddafi. Mbao kutoka Kongo, taa kubwa za kuning'inia kutoka Misri, na zulia ambalo ukivua viatu hutaki kuvaa tena.

Karani wa Malaba

Kijana Kisenyi, sina ugomvi na mnara, nimeupanda. Ila usichanganye saa. Mnara ni wa asubuhi: jua linatoka upande wa Kibuli na Kololo, linapiga Namirembe na Rubaga usoni, unaona mpaka madirisha. Jioni kutoka mnarani unatazama jua machoni, na mlinzi anataka kwenda kwao. Paa la hoteli ni la jioni: una kiti, una choo, na giza likiingia hakuna anayekufukuza. Mwenye siku nzima afanye yote mawili, mwenye jioni tu aje Nakasero.

Na umegusa jambo, kilima hicho ndicho kilichokuwa na ile ngome ya Lugard. Hata Makumbusho ya Taifa yalianzia humo ngomeni mwaka 1908 kabla ya kuhamishwa. Msikiti ulipojengwa, ngome ikaondolewa mahali pake. Kilima kimoja, wapangaji wengi.

Mzee Bombo

Watoto, shikamooni mnipe mimi, halafu niseme.

Mnazungumza hoteli za Nakasero kama zimeota juzi. Hiyo inayoitwa Sheraton ilifunguliwa 1967 ikiitwa Apolo Hotel, Apolo ni jina la Rais Obote. Amin alipochukua nchi jina halikukaa, ikawa Kampala International. Ilikuwa jengo la kutisha kwa urefu, sisi tukitoka Bombo na lori tukiiona tunajua tumefika.

Na ile Serena. Vijana mnaenda kupigia picha za harusi kwenye yale maji na bustani. Ilijengwa ikiitwa Nile Mansions, pamoja na ukumbi wa mikutano, kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika wa mwaka 1975, Amin akiwa mwenyeji. Marais wakaja, wakala, wakaondoka. Baada ya hapo hoteli ikawa na sifa nyingine. Watu wa usalama walikuwa na vyumba vyao mle, na chumba namba 211 kilijulikana mjini kote. Ukisikia fulani amepelekwa Nile, mama yake anaanza kulia siku hiyo hiyo. Iliendelea hata Amin alipoondoka. Barabara ile tulikuwa tunaipita haraka, hatugeuzi shingo. Mwaka 2006 ikafunguliwa upya na jina jipya, mwaka uliofuata wakuu wa Jumuiya ya Madola wakaja Kampala na Malkia wa Uingereza.

Sisemi msiende. Mimi mwenyewe mjukuu wangu alinipeleka kunywa kahawa. Kahawa nzuri. Lakini nilikaa nimeegemea ukuta.

Halafu karani, umesema Mengo kwa mstari mmoja tu. Mei 24, 1966 jeshi liliingia Lubiri, Obote katuma, Amin ndiye aliyeongoza. Kabaka Muteesa wa pili alipona kwa sababu mvua kubwa ilinyesha katikati ya mapigano, akaruka ukuta, akapata takisi akatoroka. Alifia London 1969. Ukiwa huko juu utaona jumba lenyewe na kiwanja kikubwa cha kijani kilichozungushiwa ukuta. Katika kiwanja hicho baadaye Amin alikuwa na mahandaki ya kufungia watu. Kesho yake shuka uende ukayaone, yapo, na watu wanaingia.

Nyabo wa Ntinda

Mzee, marahaba ya kinyume 😂 Shikamoo babu. Asante kwa hiyo ya 211, mama yangu hataki kabisa kuizungumza.

Dada wa Mapokezi

Nafanya kazi hoteli, sitasema ipi, nikiwa bado naihitaji kazi. Naomba niweke sawa mambo machache kwa faida ya wanaokuja.

Bili. Bei ya kwenye menyu iangalieni mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Kuna sehemu bei imeshajumlisha VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma, kuna sehemu vinaongezwa mwishoni. Soda ya elfu kumi na mbili inaweza kufika mezani ikiwa elfu kumi na tano. Uliza kabla hujaagiza, swali hilo tunaulizwa kila siku na mabalozi pia. Ada ya huduma ikishakatwa hulazimiki kuacha bahashishi, ila aliyekuhudumia vizuri ukimwachia elfu mbili mkononi atakukumbuka ukirudi, na meza ya magharibi utaipata.

Picha kwa simu piga utakavyo. Kamera kubwa na miguu yake, nguo za kubadilisha, mpambaji wa uso, hiyo si ziara tena, ni kazi, na wataalamu wa kazi wanalipia. Kila Jumamosi nawarudisha maharusi. Ndege ndogo ya kamera usithubutu hata kuitoa kwenye begi. Na Ikulu ndogo ya Nakasero iko kilimani humu humu, kwa hiyo mlinzi akikwambia upande ule usielekeze simu, usimuulize kwa nini.

Chakula cha nje hatupokei. Kuna familia ilikuja na matoke kwenye ndoo, bambi, yamefungwa majani vizuri yananukia, nikatamani niwaruhusu.

Kabla hujatoka nyumbani piga simu. Paa hukodishwa kwa sherehe, hasa Ijumaa na mwisho wa mwezi, unaweza ukapanda ukakuta kamba imewekwa.

Utingo

Dada nisaidie. Mwaka jana tulishusha mzigo mapema, mimi na dereva tukasema leo na sisi tukaone. Tumeoga, tumevaa safi kabisa. Hoteli moja, jina nalihifadhi, getini tumepita vizuri, tumefika kwenye lifti kijana akatutazama miguuni. Buti za kazi. Akasema juu hawaingii na buti. Nyuma yetu akaja Mzungu na ndara za plastiki, kapita. Dereva wangu hajasahau mpaka leo, akipita pale anapiga honi.

Dada wa Mapokezi

Pole sana kaka yangu. Kanuni za mavazi zipo, nyingi zinakataza ndara, kaptura za michezo na fulana za mpira baada ya saa kumi na mbili. Lakini zinamhusu kila mtu, na aliyempitisha yule wa ndara alikosea. Ukikutwa na hilo tena usibishane na kijana wa lifti, hana mamlaka, mwombe akuitie meneja wa zamu. Mara nyingi meneja akija mtu anaingia. Sema tu "niitie meneja wa zamu" bila kupandisha sauti.

Kijana Kisenyi

Ndiyo maana nasema mnara. Mnarani unavua viatu wote mnakuwa sawa.

Karani wa Malaba

Hapo Kijana umenipiga bao, nalikubali goli. Utingo, hilo ni dhuluma, na si wewe peke yako. Baadhi ya hizi hoteli bado zina macho ya zamani.

Mpanda Boda

Mimi naona ni ushamba tu kulipa hela kutazama mabati. Kampala ukiitazama juu ni mabati na moshi wa mkaa. Vilima mimi navipanda kila siku na boda, navijua kwa petroli inavyoisha.

Karani wa Malaba

Ndugu yangu wa boda, mabati yenyewe ndiyo masomo. Tazama chini ya kilima cha Old Kampala, na ukingoni mwa Barabara ya Kampala, utaona paa za zamani zenye vipembe vya saruji mbele vilivyoandikwa mwaka na jina la familia. Yale ni maduka ya Wahindi, duka chini nyumba juu. Reli ilifika Kampala 1931 na biashara ikapanda nayo. Mwaka 1972 Amin akawapa siku 90 waondoke, majina yakabaki ukutani. Ukiwa barabarani huyaoni, unaangalia usigongwe na ninyi wa boda. Kutoka juu unayasoma.

Ukimaliza magharibi, kabla jua halijazama zunguka kidogo na glasi yako, hakuna anayekataza. Kusini mashariki kuna msikiti mweupe wa Kibuli, kwenye ardhi aliyoitoa Badru Kakungulu wa ukoo wa kifalme. Nyuma ya Nsambya na Muyenga siku ikiwa safi unaona Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, linametameta. Kaskazini, ng'ambo ya Mulago, kuna kuba la kijani, hekalu la Wabahai, limekuwepo tangu 1961. Kwa mji mmoja dini zimegawana vilima vizuri kuliko sisi tunavyogawana vituo vya takisi.

Mwalimu wa Kasese

Uzi mzuri. Nina maswali mawili. Mama yangu anakuja kutibiwa mwezi wa kumi na moja, ana miaka mingi na magoti hayamsaidii, na hajawahi kupanda lifti. Naweza kumpeleka? Pili, huo mwezi si wa mvua? Nisije nikampandisha tukakuta ukungu.

Dada wa Mapokezi

Mlete mwalimu. Hoteli nyingi kubwa zina njia ya kiti cha magurudumu, ukiomba getini wanakuja nacho. Kwenye lifti mshike mkono, simameni katikati, mwambie tumbo litashtuka kidogo wakati wa kuanza na wa kusimama. Na uliza kabla: kuna hoteli lifti inaishia ghorofa moja chini ya paa, zinabaki ngazi kadhaa. Mwenye magoti atakwama hapo hapo.

Karani wa Malaba

Mwalimu, mvua ndiyo unayoitaka. Januari, Februari na Julai kuna vumbi na moshi, Rubaga unaiona imefunikwa shuka la kijivu. Lakini mwezi wa nne, wa tano, wa kumi na wa kumi na moja, mvua ikipiga mchana ikakatika saa tisa, hewa inakuwa imefuliwa. Saa kumi na moja panda haraka. Mabati bado yana maji, yanang'aa, vilima vinaonekana vimesogea karibu. Hizo ndizo jioni za kutozikosa.

Ila wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, shukeni ndani, msingoje kuambiwa. Vilima vya Kampala na radi wanajuana. Hapo Namirembe kanisa moja la mwanzo liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, jingine likateketezwa na radi 1910, ndipo wakajenga hili la matofali linalosimama leo, wakalimaliza 1919.

Mzee Bombo

Mwalimu, mama akiwa na nguvu kesho yake, mpeleke Kasubi. Kule hakuna ngazi. Makaburi ya Makabaka wanne, Muteesa wa kwanza, Mwanga, Chwa na Muteesa wa pili. Ile nyumba kubwa ya nyasi iliungua Machi 16, 2010, tukalia watu wa makabila yote, hata sisi Wanubi ambao babu zetu walikuja hapa na bunduki za Lugard. Imejengwa upya, na 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ninyi wa mapaa hamtaiona vizuri kutoka Nakasero, mtaona kilima tu na miti.

Muteesa huyo wa kwanza alijua Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshafika kwa baba yake Suuna tangu 1844, na ikulu ikajifunza lugha kabla ya Mzungu yeyote kukanyaga. Wanaosema Kiswahili ni cha kambi za jeshi tu, waambieni hilo.

Mpanda Boda

Mzee hapo nimekusikia. Kasubi nawapeleka bei ya ndugu, mwalimu tuma ujumbe faragha.

Mwalimu wa Kasese

Nashukuru sana wote. Nimeamua mvua ikate, hoteli yenye lifti mpaka juu, meza ya magharibi, chai mbili. Sambusa tutakula njiani.

Nyabo wa Ntinda

Sambusa za Wandegeya, mwalimu. Mle kabisa mmalize, dada yetu asije akawanyang'anya mlangoni.

Utingo

Jamani mimi naingia Kampala Jumamosi na lori la saruji. Viatu nimenunua soko la Owino, vyeusi, vina ncha. Dereva pia nimemshawishi ingawa anasema atapiga honi kwanza. Nani yuko mjini?

Kijana Kisenyi

Nipo. Nitakuja kuona hiyo soda ya elfu kumi na mbili ina nini ndani. Unalipa wewe?

Utingo

Analipa mleta uzi.

Karani wa Malaba

Nalipa za wawili, wa tatu ajitegemee. Mvua ikinyesha mchana tukutane getini saa kumi na moja kasoro. Isiponyesha tusogeze iwe Jumapili.